Kaburi la Mgomba na Njia ya Keya

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi iliyopita hapa Kisumu, juu ya kutengeneza njia ya utalii ya kuwakumbuka watu wetu waliopelekwa vitani, mbele ya waongoza watalii wenzangu, walimu wa historia na vijana wa boda. Nimeiandika vile niliisema, nimetoa tu zile dakika stima ilipotea tukangoja.

Wazee wangu, akina mama, walimu wangu, na nyinyi vijana wa boda mmeacha abiria wa Jumamosi asubuhi mkaja kukaa kwa viti vya plastiki kusikiza mambo ya vita, asanteni sana, kwa kweli sikutarajia viti viishe.

Nianze na hii mkebe mnaona hapa mezani. Ilikuwa ya majani chai, rangi ilishatoka, kifuniko kinashikwa na mpira wa tairi. Ni ya nyanya yangu mzaa baba. Ndani kuna nyota moja ya shaba ya vita vya Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar, kuna kitabu kidogo cha kuachishwa jeshi ambacho panya walikula kona moja, na kuna kifungo cha koti ambacho hakuna mtu kwa boma letu anajua ni cha koti gani. Guga yetu, yaani babu, alikuwa Keya. Vijana ambao hamjui, Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wazee wetu walitamka hivyo na jina likakwama, vile Pioneer Corps, kikosi cha kazi za mikono, ilikuwa Panyako huku kwa Wajaluo, na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha vita vya kwanza, ikawa Kariakor. Ukiona jina la Kizungu limekubali kubadilika mpaka likafanana na majina ya nyumbani, ujue limepita kwa midomo ya watu wengi sana.

Guga alirudi. Alirudi na kikohozi na hiyo nyota na tabia ya kuamka saa kumi usiku kila siku mpaka akafa. Hakuwa mtu wa hadithi. Lakini alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu alimwita Kalewa, na huyo ng'ombe alipozaa ndama jike naye akaitwa Kalewa, na sisi watoto tulicheka sana juu tulidhani ni mambo ya kulewa, ati ng'ombe mlevi. Nilikuwa mtu mzima na watoto wawili siku nilifungua ramani ya Burma nikaona Kalewa imeandikwa kando ya mto Chindwin. Nikakaa chini. Pale ndipo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walivaa beji ya kichwa cha kifaru, walivuka Desemba 1944 baada ya kuteremka bonde la Kabaw miezi mingi kwa mvua ambayo haikatiki, matope mpaka magotini, malaria na homa ya utitiri wa msituni, na wahandisi wakaweka daraja la Bailey linaloelea, zaidi ya mita 350, wakati huo hakukuwa na refu kuliko hilo duniani la aina yake. Mzee wangu alivuka hapo au alikaa ng'ambo, sitawahi kujua, hakusema. Alimpa ng'ombe jina tu. Na tukacheka.

Sasa kwa boma lile lile, nyuma ya jikoni, kuna kaburi lingine. Nikiwa mdogo nilikaa juu yake nikila muwa na nyanya akaniambia ondoka hapo, kuna mtu. Nikamuuliza ni nani, akasema, hayuko. Hayo maneno mawili yalinisumbua miaka mingi. Mle ndani kuna shina la mgomba. Ndugu ya baba yake guga alichukuliwa 1917 kwenda Kariakor na hakurudi, na hakuna barua ilikuja, hakuna mtu alikuja kusema amefia wapi, wakangoja, wakangoja, mwishowe wazee wakakata mgomba wakaulaza ardhini na kumlilia mtu wao, ndio roho yake iache kuzunguka na ndio mjane awe huru. Wajaluo hapa mnajua, nyinyi mnazika yago, lile tunda refu la mwegea. Mimi nimeolewa Gem, na kwa boma la wakwe zangu nilionyeshwa kaburi la yago. Nilipoliona sikuhitaji kuelezwa.

Nimewaletea hii habari ya makaburi matupu kwanza kabla ya utalii kwa sababu nataka tukubaliane tunazungumza juu ya nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi ya kwenda Uholanzi wiki tatu kwa mafunzo ya kazi yetu hii, nikakaa mji unaitwa Nijmegen, uko juu ya mto Waal. Kule wana kitu kinaitwa Liberation Route Europe, tuseme Njia ya Ukombozi ya Ulaya. Ilianza 2008 kama mradi mdogo wa hiyo sehemu ya Nijmegen na Arnhem, waliweka mawe makubwa kwa sehemu ambapo kitu kilitokea wakati wa vita vya pili, na ukifika hapo unasikiliza kwa simu hadithi ya hapo ulipo, sio hadithi ya vita vyote, ya hapo tu, kwa hiyo shamba, kwa hiyo kona. Ikakua ikafuata njia ambayo majeshi ya ukombozi yalipita kutoka kusini mwa Uingereza, wakavuka bahari mpaka Normandy kule Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, mpaka Berlin na kuendelea, na 2019 Baraza la Ulaya likaitambua rasmi kama njia ya utamaduni. Watu wanaifuata kwa miguu, kwa baiskeli, kwa gari, wanalala kwa nyumba za wageni za vijijini, wanakula huko, wananunua huko. Ni biashara, sikatai, na ni biashara nzuri. Lakini si biashara ilinifanya nilie kule.

Ilikuwa ni taa. Tarehe 20 Septemba 1944 wanajeshi wa Marekani walivuka huo mto Waal mchana kweupe kwa mashua za turubai, wengine wakipiga makasia kwa kutumia vitako vya bunduki, Wajerumani wanawamiminia risasi kutoka ng'ambo, na walikufa Wamarekani 48. Mwaka wa 2013 mji ulifungua daraja jipya karibu na hapo walivukia, linaitwa De Oversteek, na wakaweka jozi 48 za taa ambazo kila jioni jua likitua haziwaki pamoja, zinawaka jozi moja, halafu inayofuata, halafu inayofuata, polepole kwa mwendo wa mguu wa askari anayetembea, na kila jioni mtu mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi anatembea nazo kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Kila jioni jamani. Krismasi, mvua, theluji. Wewe pia unaweza kutembea nyuma yake. Nilitembea. Baridi ilikuwa inakata masikio. Na nikawa nahesabu, na nilipofika kama ishirini hivi nikaacha kuhesabu taa nikaanza kuuliza, huyu alikuwa nani, huyu mama yake alikuwa wapi, na nikajua kwamba wanaweza kufanya hivi kwa sababu moja tu, mtu alihesabu. Kuna mtu mwaka wa 1944 aliandika 48, sio hamsini hivi, sio wengi. Na majina yapo.

Halafu kuna Oosterbeek, si mbali na hapo, makaburi ya askari wa miavuli wa Uingereza na Poland. Tangu 1945 watoto wa shule wa hiyo sehemu kila Septemba wanasimama kila mmoja mbele ya kaburi moja na maua. Wale wa kwanza sasa ni wazee wa zaidi ya miaka themanini. Na kusini kule Margraten, makaburi ya Wamarekani, kila kaburi lina familia ya Kiholanzi iliyolichukua kama la kwao, wanaenda na maua siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye hawakuwahi kumwona, na ukitaka kupewa kaburi leo kuna foleni ya kungoja. Na kitu nilishika sana kuhusu Margraten ni kwamba wale walichimba hayo makaburi mwaka wa 1944, kwa mikono, kwa mvua, walikuwa askari weusi wa Marekani, na miaka mingi hakuna mtu aliwataja, mpaka mmoja wao, Jefferson Wiggins, akiwa mzee kabisa, akafungua mdomo. Aliyebeba na aliyechimba huwa anakuja mwisho kwa hadithi, kama anakuja.

Sasa sikizeni hii. Uholanzi inasherehekea ukombozi wake tarehe 5 Mei, juu siku hiyo 1945 Wajerumani walijadili kusalimu amri pale Wageningen. Nikiwa kule niliona mabango ya tarehe 5 Mei kila mahali, na kichwani kitu kikaniambia hiyo tarehe naijua. Naijua kutoka wapi? Ethiopia! Tarehe 5 Mei 1941 ndipo Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa, miaka mitano kamili baada ya Waitaliano kuuteka mji, na mpaka leo Waethiopia wanaadhimisha hiyo siku ya wazalendo wao. Miaka minne kabla ya Uholanzi. Na barabara ya kwenda Addis, nani alisaidia kuifungua? Ni Keya.

Nawaomba mnivumilie hapa kidogo kwa sababu hii ndiyo safari nayoipenda kuliko zote. Januari na Februari 1941 majeshi chini ya Jenerali Cunningham yanatoka upande wetu huu wa Garissa na Bura, kuna Afrika Kusini, kuna Wanigeria na watu wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, na kuna brigedi ya KAR ya Afrika Mashariki, ya 22. Kismayu inachukuliwa tarehe 14 Februari. Mto Juba unavukwa. Mogadishu tarehe 25 Februari. Wanapinda kaskazini, Jijiga, wanapenya kwa milima, Harar mwisho wa Machi, Dire Dawa, wanavuka Awash, na tarehe 6 Aprili 1941 wako Addis Ababa. Zaidi ya kilomita 2,500 kwa chini ya siku sitini, kwa lori na kwa miguu, kwa nchi ambayo maji unabeba mwenyewe. Kazi haikuishia hapo, iliendelea mpaka Gondar Novemba ile. Na lazima tuseme ukweli, Waethiopia walijikomboa pia wao wenyewe, wale Arbegnoch walikaa msituni miaka mitano wakipigana kabla mtu yeyote wa nje hajaja, kwa hivyo tukitengeneza hadithi yetu tusijifanye tuliwapelekea uhuru kwa sahani. Lakini tulikuwepo. Kijana wa Luanda, kijana wa Yala, kijana wa Kapsabet, alikuwepo. Mji mkuu ulirudi kwa wenyewe kabla Paris haijarudi kwa Wafaransa, na njia yake ilianzia Kenya, na hiyo njia haina jiwe moja la kusikiliza.

Mwalimu mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, najua unachotaka kuuliza, mwalimu, kwani tuna nini cha kuonyesha? Si Kisumu hakukupiganwa?

Tuna mengi. Tuanze na stesheni, dakika chache tu kutoka hapa. Reli ilifika ziwani 1901, wakati huo panaitwa Port Florence. Septemba 1914 Wajerumani walishaingia mpaka Kisii na kukapiganwa pale. Juni 1915 meli za ziwa zilijaza askari hapa kwa gati letu, wazungu na Keya, zikaenda kupiga Bukoba na kuangusha mnara wa simu za upepo wa Wajerumani. Ukisimama Dunga jioni ukiangalia wavuvi wanaingia, ni maji hayo hayo. Halafu 1917 ikaja ile kubwa. Serikali ya mkoloni iliamua kuchukua watu kwa lazima, kwa wingi, na aliyewekwa kusimamia ni John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo hapa hapa Nyanza, kwa hivyo alijua vijiji vyetu, alijua machifu, na Nyanza ndiyo ilitoa watu wengi kuliko sehemu yoyote ya nchi hii. Siku hizo Nyanza ilikuwa ni hii yote, Wajaluo, Waluhya, Wakisii. Wakapandishwa treni. Wengi hawakuwahi kuona treni. Wakapelekwa Nairobi mahali ambapo leo panaitwa Kariokor, soko la viatu vya tairi na nyama choma, na kutoka hapo wakashuka Tanganyika kubeba risasi na unga kwa kichwa nyuma ya majeshi yaliyokuwa yanamfukuza jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, mpaka vita vikaisha bila kumshika.

Hawakuuliwa na risasi sana. Waliuliwa na kuhara, na malaria, na nimonia, na unga wa mahindi uliopikwa nusu kwa watu waliozoea wimbi na mtama. Upande wa Waingereza kwa vita vya Afrika Mashariki walipita wapagazi karibu milioni moja. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na nikisema makumi ya maelfu nataka mkumbuke zile taa za Nijmegen, juu hapa hakuna aliyeandika 48.

Mwaka wa 2021 ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wale wanaotunza makaburi meupe yaliyopangwa vizuri kama pale Ngong Road, walitoa ripoti yao wenyewe wakikiri kwamba watu angalau 116,000 na pengine hata 350,000 waliokufa vita vya kwanza hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa ripoti hiyo kuna kitu kinaumiza zaidi ya hesabu. Gavana wa Tanganyika miaka michache baada ya vita alisema makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori, na haraka iwezekanavyo. Kwa hiyo nyanya yangu aliposema hayuko, kuna mtu ofisini alikuwa ameamua asiwepo.

Na pale Kenyatta Avenue Nairobi kuna ile sanamu ya 1928, watu watatu wa shaba, mmoja ni mpagazi. Imeandikwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa, wana wako watakumbuka jina lako. Nimezunguka hiyo sanamu mara nyingi na wageni. Hakuna jina hata moja.

Tukumbuke pia wa vita vya pili ambao ardhi haikuwapata. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikielekea Ceylon, leo Sri Lanka, imebeba wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, tarehe 12 karibu na Maldives nyambizi ya Japani ikaipiga, ikazama kwa muda usiofika dakika tatu, wakafa karibu watu 1,300. Mtu wa ziwa anajua maana ya kungojea mwili ufukweni. Hawa hata ufuko hawakuwa nao.

Na waliorudi je? Hapa ndipo njia yetu inakuwa tofauti na ya Ulaya na hapa ndipo nataka tuwe makini sana. Kule njia inaisha na uhuru, kengele zinapigwa, wasichana wanarusha maua. Yetu haiishi hivyo. Wa Kariakor walirudi wakapata mashamba ya Nandi na kwingine yamegawiwa wazungu waliotoka vitani, wakavalishwa kipande shingoni, kile kitambulisho cha lazima, kodi ikapanda, na 1920 nchi ikageuzwa koloni. Wa Burma walirudi wakalipwa kidogo kuliko mzungu wa cheo kile kile. Walikuwa wamekomboa watu wengine. Lakini angalieni kilichotokea hapa hapa: tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, wakasema hapana kwa kipande na kodi na koloni, ndiyo ile Piny Owacho, nchi imesema. Mimi nimeolewa si mbali na hapo. Kwangu Lundha ni kituo cha mwisho cha njia ya Kariakor, au ni cha kwanza cha njia nyingine, mtaamua wenyewe. Mgeni aliyetembea Normandy akaletwa Lundha ataelewa kitu ambacho Normandy haikumwambia, kwamba kuna askari wa ukombozi aliyefika nyumbani na kukuta bado hajakombolewa.

Watu wa Taita Taveta wametutangulia. Kule kuna Salaita, Latema na Reata, Maktau, kuna makaburi Taveta, na ile miaka mia moja ya vita vya kwanza walipata wageni, hoteli zinapeleka watu kuona mahandaki. Nawapongeza. Ila nimeenda na niliyosikia zaidi ni habari ya majenerali na bunduki na treni zilizolipuliwa. Wapagazi walipewa dakika mbili. Tusifanye hivyo. Mtu akija kwetu tusimvalishe kofia ya tarbushi na bunduki ya mbao apige picha. Tumpeleke kwa kaburi la mgomba, akae hapo, aambiwe na mwenye boma kwa maneno yake, na mwenye boma alipwe kwanza kabla ya mimi mwongozaji na kabla ya gari. Hilo kwangu si la kujadiliwa. Mkituma mgeni kwa boma la mjane apige picha za kaburi alafu pesa zote zibaki Kisumu mjini, tutakuwa tumewabebesha tena.

Na mambo mengine yatakuwa magumu. Zile nyumba za machifu, ndugu zangu, mnazijua. Kuna aliyeandika majina ya vijana 1917 akapeleka, wengine akawaficha wa kwake. Wajukuu wako hapa, pengine wameketi pamoja saa hii. Sisemi tuwanyooshee kidole. Nasema mtu akitusimulia tusikate. Nilienda ofisi moja kuomba msaada wa kuweka kibao cha kwanza, mkubwa mmoja akaniambia mama, hii maneno ni ya wakoloni, tusirudi huko. Nimeifikiria sana hiyo jibu na bado naikataa, kwa sababu vita vilikuwa vya wakoloni lakini mgongo uliobeba ulikuwa wa babu yangu.

Basi tufanye nini? Wengine mmesema apu, wengine mmesema mabango, kijana wa kule nyuma amesema drone. Vyote vitakuja. Mimi naomba daftari. Wale wa Burma karibu wote wamekwisha, watoto wao wako miaka sabini, themanini, na wale wanaojua nani aliyezikwa kama mgomba au kama yago mnaweza kuwahesabu kwa vidole kwa kila kijiji. Kila mwongozaji hapa achukue nyumba kumi. Boda, nyinyi ndio mnajua njia za ndani, mnajua mzee yupi bado anakumbuka na yupi ameshaanza kusahau, nyinyi ni nusu ya hii kazi. Uende na adabu, uende na sukari na majani, usikimbilie kutoa simu. Uulize jina alilopewa na mama yake, sio la jeshi peke yake. Uulize alichukuliwa kutoka wapi na nani alimwona mwisho. Uulize kama kuna kaburi na ndani kuna nini. Uulize mifugo iliitwaje, mimi hapo ndipo nilipata Kalewa. Wakikataa, unashukuru na unatoka. Na tafadhali msiweke picha za medali kwa WhatsApp, kwa jirani yetu alikuja mtu na mkoba akanunua nyota kama hii kwa pesa ya sukari ya wiki moja, na haijulikani iko wapi.

Tukifika majina mia, hapo tutaongea habari ya mawe na sauti na njia, tutajua ianzie boma gani, ipite stesheni saa ngapi, ilale wapi. Mwalimu, wanafunzi wako wanaweza kusoma majina kwa sauti zao, Kijaluo, Kinandi, Kilogoli, Kiswahili, mgeni asikie. Na kila jina liwe na watoto wake wa shule kama vile Oosterbeek.

Nimeongea sana, chai inapoa. Daftari ya kwanza ni hii hapa kando ya mkebe. Ukurasa wa kwanza nimeandika mwenyewe jana usiku, ndugu ya baba yake guga, Kariakor, 1917, mgomba. Mahali pa jina nimeacha wazi. Nyanya hakuwahi kulitamka na baba hakulijua, lakini kuna shangazi yangu Chavakali ana miaka themanini na nne, nimempigia simu akasema nije kesho baada ya kanisa, kuna jina anadhani analo.